Mtoto Asiyeumwa

Nilipokuwa mtoto, Kakuma nzima ilijua kwamba nge hawezi kuniuma. Aliyekuwa hajui ni nge mwenyewe. Aliniuma kama anavyomuuma mtu yeyote, tena bila haya, nami nilimeza mate na kutabasamu kwa sababu hivyo ndivyo nilivyofundishwa. Sasa mimi ni mtu mzima, naishi Lodwar na ninafundisha watoto wa chekechea, lakini nikikumbuka tabasamu lile damu bado hunichemka.

Mambo yalianza kabla sijazaliwa. Wazazi wangu walitoka Kitale wakafungua duka dogo Kakuma mjini, karibu na mahali mabasi ya Lokichoggio yanaposimama. Baba alikuwa mtu wa safari, leo Loki, kesho mpakani Nadapal na mizigo. Mama alibaki dukani na mimba yangu, hana ndugu, na Kiturkana hajui zaidi ya ile salamu ya ejok. Asubuhi moja aliingiza mguu kwenye kiatu, nge akamdunga kisiginoni. Alipiga mayowe, majirani wakaja mbio. Bibi Nakiru, mama mzee wa Kiturkana aliyekaa nyuma ya duka letu, alipoliona tumbo la mama alipiga makofi kwa furaha. Alisema mtoto wa mama aliyeumwa na nge akiwa mjamzito huzaliwa na kinga, nge hamuumi maisha yake yote. Msomali wa duka la pili akaapa kwamba hata kwao ni hivyo hivyo. Basi mama yangu, mguu umevimba na machozi hayajakauka, badala ya kupewa pole akapewa hongera.

Bibi Nakiru sina ugomvi naye. Alirudia maneno ya bibi yake ili kumliwaza mgeni aliyekuwa analia peke yake. Hasira yangu ni kwa wale waliochukua maneno ya kumliwaza mama mwenye uchungu wakayageuza kuwa kazi ya mtoto.

Mara ya kwanza niliumwa nikiwa bado sijaanza shule, nikivuta ukuni kutoka kwenye mzigo. Ule si uchungu wa mwiba. Ni moto unaopanda kutoka kidoleni hadi begani, kisha ganzi, kisha moto tena. Nilifungua kinywa nilie, mama akakiziba kwa kiganja chake. Dukani mlikuwa na wateja.

"Nyamaza," aliniambia sikioni. "Wewe huumwi."

Kiswahili hapo kilinionea. Kuumwa ni kudungwa na mdudu, na kuumwa ni kusikia maumivu, na mama alinikataza yote mawili kwa neno moja. Nilimwamini. Niliketi nyuma ya magunia ya unga nikiushika mkono wangu, nikijiuliza hiki ninachosikia kinaitwaje kama si kuumwa.

Tangu hapo nikawa mali ya mji. Nge akionekana chooni, "Mwiteni Nekesa." Akionekana chini ya mkeka, ndani ya buti la askari, kwenye karai la nguo, "Nekesa yuko wapi?" Nilikwenda na mkebe wangu wa mafuta ya kupikia. Watu walitaka kuona mkono mtupu, kijiti kingewaharibia sinema yao, basi nikajifunza kumbana nge mkia karibu kabisa na ule mwiba wake kabla hajageuka. Sikuwa na kinga, nilikuwa na vidole vyepesi. Siku ambazo wepesi haukutosha niliumwa mbele ya watu wazima wanaopiga makofi, nikatabasamu, nikaenda kulia kwenye laga, ule mto wetu wa mchanga usio na maji. Mchungaji aliyekemea ushirikina Jumapili aliniita Jumatatu nikamtoe nge jikoni kwake. Yeye aliiita karama.

Kisha likaja la mate. Sijui nani alianza, ila mtu alisema kama nge hamuumi Nekesa basi mate yake ni dawa. Wakaanza kuniletea walioumwa. Niliwatemea mate palipodungwa, nikapashika, wakaenda zao wakisema nafuu imekuja. Bila shaka ilikuja. Nge wengi humtesa mtu mzima saa kadhaa kisha uchungu hupungua wenyewe, hata ukimtemea mate, hata ukimwimbia. Watu hao hao walimkimbia yule mdudu mkubwa wa rangi ya mchanga afananaye na buibui, anayefuata kivuli chako kwa mbio. Walisema akikuuma utakufa kabla ya jioni, na kumbe hana hata tone la sumu. Wenye kuua kweli ni wale nge wembamba wa makucha na wanene wa mkia, na anayeuawa ni mtoto mdogo, kwa sababu mwili wake hauna nafasi ya kuigawa sumu. Hayo nimeyajua ukubwani. Wakati ule nilijua tu kwamba naumwa na kwamba ni siri.

Mwaka wa 2012 mvua ilinyesha, laga ikajaa maji, na nge wakatoka kila shimo kutafuta pakavu. Kando ya duka letu Mama Deng, mkimbizi kutoka Sudan Kusini, aliuza kisra, ile mikate myembamba ya kwao. Alitoka kambini kila asubuhi na mwanawe Deng mgongoni. Deng alikuwa ndiyo kwanza ameanza kuunganisha maneno. Jina langu lilimshinda, akaniita Esa, na nikitoka shuleni alinining'inia sketi mpaka nimbebe. Hakujali habari za nge. Alikuwa mtu pekee Kakuma aliyenitaka bila mkebe.

Mchana mmoja nilikuwa natoka kwa Mchungaji na nge mweusi mkubwa ndani ya mkebe, nikienda kumtupa ng'ambo ya laga. Nilisikia Mama Deng akiniita kabla sijamwona.

"Nekesa! Nge imekula Deng! Kuja, kuja!"

Alikuwa amepiga magoti barazani kwetu, mtoto mapajani. Deng alikuwa ameinua kipande cha tofali akicheza, na nge wa manjano aliyekuwa chini yake alishapondwa na mtu, mkia wake mnene kama kidole changu kidogo. Nilikuwa nimeona wengi walioumwa, lakini sijaona hivi. Mate yalimtiririka Deng kidevuni, hawezi kuyameza. Macho yalikuwa yakimzunguka huku na huku yasikae mahali. Miguu ilirusha mateke yenyewe, na alikuwa amelowa jasho kama ametolewa majini. Hakulia. Alikuwa anatafuta pumzi.

"Wewe temea yeye mate," Mama Deng alinisihi. "Mungu nasaidia."

Watu walishajaa. Mama alitoka dukani akinisukuma begani. "Anza," alisema.

Nilitema mate kwenye ule mguu mdogo, nikaushika. Ulikuwa unatetemeka mkononi mwangu. Nilisubiri, watu wote wakasubiri. Pumzi ya Deng ikawa inakoroma.

"Mpelekeni hospitali," nilisema.

"Temea tena," akasema mama.

"Mate yangu si dawa. Mpelekeni hospitali!"

Mwanamume mmoja alicheka. "Mtoto anaogopa watu. Endelea, Nekesa, wewe ndiye daktari wetu."

"Mimi naumwa!" nilipiga kelele. "Naumwa kila siku! Nge ananiuma!"

Hakuna aliyetingishika. Mama Deng aliniangalia kwa yale macho ya mtu aliyeshika tawi mtoni, unamwambia tawi limeoza naye hawezi kuliachia. Mama aliwaambia watu, kwa sauti ya kuomba radhi, "Ana wasiwasi tu. Huyu haumwi." Na mtoto anakoroma. Watu wazima baraza zima, wenye miguu, wenye pikipiki, na hospitali ipo, wanamngoja mtoto wa miaka kumi ateme mate! Nimewasamehe watu makosa mengi maishani, lakini nikifika barazani pale msamaha hugoma.

Nikafungua mkebe, nikaingiza mkono. Sikumbana mkia.

Alinidunga kidole cha shahada, na kwa mara ya kwanza maishani nililia mbele ya watu. Nilikililia kidole kile, nikaulilia na ule mzigo wa kuni, na yale mabuti, na kila choo na kila karai, vyote kwa pamoja, nikigaagaa chini mbele ya wateja wetu. Mkebe ulibingirika, nge akatoka, watu wakatawanyika wakikanyagana. Mama Deng peke yake hakukimbia. Alikiangalia kidole changu kinavyovimba.

"Kumbe wewe nasikia uchungu," alisema polepole. "Kumbe wewe nasikia."

Akamnyakua Deng, akarukia bodaboda ya kijana aliyekuwa amesimama kutazama, wakapotea katika vumbi la barabara ya hospitali.

Mama alinishika mkono ule mzima akaniburuta ndani. "Umeniaibisha mbele ya watu," alisema. Akarudi dukani kuwahudumia waliobaki. Niliketi tena nyuma ya magunia ya unga, kidole ndani ya kikombe cha maji, moto umepanda hadi kwapani. Safari hii sikuziba kinywa. Nililia kwa sauti mpaka nikachoka, na kila mteja aliyeingia alinisikia.

Deng alipona. Walimwekea hewa kwa mipira ya puani na dawa za kutuliza mishipa, akalala huko siku nyingi, na muuguzi alimwambia mama yake kwamba angechelewa kidogo tu angemrudisha nyumbani ndani ya shuka. Aliporudi, Mama Deng alikuja kwetu na kisra zilizofunikwa kwa kitambaa. Hakumsalimia mtu. Alikichukua kidole changu akakipuliza, pu, pu, kama alivyokuwa akimfanyia Deng akijikwaa.

Mji nao ulipata maelezo yake, mji haukosi maelezo. Walisema nimeiharibu karama kwa kupiga kelele. Wengine walisema imeondoka kwa sababu nilikuwa nakua. Hakuna hata mmoja aliyesema haikuwahi kuwepo. Muda si muda nikasikia kuna mtoto mwingine kambini ambaye mama yake aliumwa akiwa na mimba, na kwamba huyo ndiye wa kweli. Nililala nikimfikiria, sijui jina lake, nikijiuliza kama na yeye amepata mahali pa kulilia.

Sasa nina mimba yangu mwenyewe. Mwezi uliopita mama alikuja Lodwar kunisaidia. Asubuhi niliinua beseni nyuma ya nyumba, nge akawa amekaa chini yake, wa manjano, mkia mnene. Nilimponda kwa kandambili hadi akawa unga. Mama alikuwa mlangoni, kikombe cha chai mkononi.

"Ungemwacha akuguse kidogo tu," alisema. Hakuwa anatania. "Mtoto angepata kinga."

Nilikuwa na mengi ya kumwambia, nimeyapanga tangu nyuma ya yale magunia, na mengi yake ni mabaya. Nikajikuta nasema machache.

"Mtoto huyu ataumwa, Mama. Na akiumwa, atalia. Majirani wote watamsikia, na mimi ndiye nitakayekuja mbio wa kwanza."

Mama aliweka kikombe chini, akaketi kwenye ngazi. Akavua ndala, akakishika kisigino chake cha kushoto kama mtu anayetafuta kitu alichokiweka hapo zamani.

"Iliuma," alisema. "Nekesa, iliuma sana siku ile. Wakaniambia nifurahi."

Hasira yangu haikwisha, wala sidhani itakwisha. Lakini niliketi karibu naye, tumbo likinizuia kuinama vizuri, nikakifunika kisigino kile kwa mkono wangu.

"Pole, Mama," nilimwambia.