Nilimpiga Shemeji kwa Ubishi wa Muvi na Vitabu

Mimi ndiye mkosaji. Nianze hapo hapo, maana kwa miaka miwili nimewaacha watu waamini kinyume chake.

Ni fundi wa tairi Hedaru, pembeni ya barabara kuu. Malori yakipungua, nilikuwa nashinda kwenye banda la video jirani yangu. Muvi za mapigano, jamani! Zile ambazo steringi mmoja anaingia ghala zima la maadui na kutoka peke yake. Nyingine nimezitazama mpaka namtangulia steringi kusema maneno yake.

Shemeji yangu, nimwite Eliamani, alikuwa fundi cherehani sokoni. Mtu mpole. Yeye ni vitabu tu. Akimaliza kushona suruali anasoma, akisubiri mteja anasoma. Dada yangu alikuwa anatania kwamba ameolewa uke wenza na riwaya.

Jumapili moja, baada ya ibada, alikuja bandani kuniita.

"Shem, makande yameiva. Dada yako anakusubiri."

Nikamwambia asubiri muvi iishe. Akasimama mlangoni, kitabu kwapani. Mara umeme ukakatika! Watu wakaguna, ubishi ukaanza kama ilivyo kawaida ya bandani: kipi bora, muvi au kitabu?

"Kwenye muvi wanakufa watu arobaini na humjui jina hata mmoja," Eliamani akasema. "Kitabuni akifa mmoja tu, mimi nashindwa kula."

"Vitabu ni vya walioshindwa maisha!" nikamjibu. "Mwanaume mzima unalilia karatasi!"

Watu wakacheka. Nikajiona mshindi.

Naye akatabasamu, akaninyooshea kitabu. "Basi soma ukurasa mmoja hapa, shem, halafu utoe hukumu."

Hakujua. Naapa, hakujua! Shule niliacha darasa la nne, na kusoma kwangu ni kwa kuokota silabi moja moja. Nilikuwa nimewaficha wote. Nikakipokea kwa kiburi, nikaanza: "A... li... po..." Banda zima likaangua kicheko.

Nilihisi masikio yanaungua. Nikakichana kile kitabu katikati, nikakitupa chini.

"Shem, hicho cha kuazima!" akasema, akanisukuma kifuani. Nikapinduka na benchi. Kicheko kikazidi.

Nikatoka mbio mpaka kwenye vifaa vyangu, hatua kumi tu. Nikachukua wili spana, kile chuma cha kufungulia nati za magurudumu. Niliporudi alikuwa ameinama anaokota kurasa. Amenipa mgongo, ndugu zangu. Amenipa mgongo!

Nikampiga kichwani.

Haukuwa mlio kama wa kwenye muvi. Ulikuwa mdogo, kama wa boga bichi likipasuka. Akaanguka kifudifudi, akajaribu kuinuka kwa mkono mmoja. Nikampiga tena. Damu ikanirukia mdomoni, nikaionja. Miguu yake ikawa inachezacheza yenyewe kwenye vumbi, kisha ikatulia. Watu walikimbia wakikanyagana, na mimi nimesimama na chuma mkononi.

Hakufa. Alilala hospitalini Same wiki nyingi. Alipotoka, upande wa kulia wote ulikuwa umekufa, na maneno yalikuwa yamekwisha. Anatoa sauti moja tu, kama mtu anayekohoa.

Sasa sikieni uovu wangu mkubwa zaidi. Mahakamani nilisema alinijia na mkasi wake wa kushonea, nami nikajitetea. Rafiki zangu wawili wa bandani wakaapa hivyo hivyo; wengine walikwepa kutoa ushahidi. Eliamani alikuwa amekaa pale pale, ananitazama, ulimi hausogei. Nikaachiwa huru.

Huru! Usingizi siupati, na chakula nakiona kina ladha ya damu ile.

Mwezi uliopita nikapanda milimani, kwa wazazi wake Eliamani, ambako dada alimhamishia. Nilimkuta dada uani anapukuchua mahindi, mumewe amekaa kwenye kiti pembeni, amefungwa khanga kiunoni asianguke.

"Shikamoo, dada."

Akachukua hindi jingine. Nikapiga magoti kwenye maganda. "Dada, siku ile hakuwa na mkasi."

Mikono yake ikaendelea na mahindi. "Najua," akasema. "Siku ile mkasi nilikuwa nao mimi nyumbani. Nilikuwa nakata pazia."

"Sasa mbona hukusema?"

"Mama alinishika miguu. Akaniambia, mume wako ameshaharibika, usinifungie na mwanangu." Ndipo akanitazama. "Nikakaa kimya. Kila asubuhi namwogesha mwanaume niliyemsaliti. Na wewe umekuja kutua mzigo wako kwangu?"

Eliamani akatoa ile sauti yake. Machozi yalikuwa yanamtiririka. Alisikia kila neno!

Wapo wanaosema muvi ndizo zilizoniharibu. Uongo. Bandani tulikuwa wengi, na aliyekwenda kuchukua chuma ni mimi peke yangu.

Nyie mnaobishana vijiweni, nawaomba: ukichekwa, ondoka. Nenda kalie hata chooni, aibu ya kuchekwa inaisha kabla ya jioni. Na kama umeshamwaga damu ya mtu, usimwibie na ukweli wake, maana hapo unampiga kila siku.

Jumatatu naenda polisi kusema hakukuwa na mkasi. Mama hajui bado. Namwogopa yeye kuliko jela, lakini nitakwenda.