Matanga ya Klabu

Miaka ile nilikuwa nimechoka mpaka mifupani. Asubuhi nafagia ghala Washwood Heath, alasiri napika kwenye klabu ya jazi Newtown, zote Birmingham, Uingereza.

Mwenye klabu alikuwa bibi mmoja Mmarekani mweusi. Alikuja Birmingham na mumewe, mpiga tarumbeta. Bendi yao ilipovunjika, wakakodi karakana kuukuu, wakaigeuza klabu. Enzi hizo, alinieleza tukimenya viazi, weusi walikuwa wakifukuzwa milangoni kwenye kumbi nyingine. Kwake waliingia, wakacheza mpaka mbao za sakafu zikabonyea. Mbao zenyewe nazijua, nilizipiga deki nikizilaani.

Baadaye wateja wakapungua, mwenye jengo akataka kujenga fleti. Siku ya kurudisha funguo, bibi akaniambia nikaange kuku kama kawaida.

"Hata leo?"

"Hata siku aliyokufa mume wangu tulifungua. Watu walishafika mlangoni."

Roho iliniuma. Kilio huanza mfiwa, na huyu hakuwahi kuanza. Sasa anaondoka mahali alipojenga maisha na mumewe, na hakuna wa kumpa pole. Kwetu nyumba yenye msiba haiwashi moto, majirani ndio wanaopika. Nikazima jiko, nikampigia jirani yangu Mkenya kule Sparkbrook.

"Msiba? Nani ame-die?"

"Mume wa bosi wangu. Zamani, lakini hajaliliwa. Na leo klabu inafungwa."

"Wee! Niingie klabu ya pombe na hii buibui yangu?"

"Usiingie. Simama mlango wa jikoni."

"Haya, ngoja niite wenzangu."

Walikuja wanne na sufuria za pilau, mvua inawanyeshea. Kizingiti hawakukivuka. Mmoja mmoja wakamshika bibi mkono: "Pole, mama."

"Wamekuja kufanya nini?" akaniuliza.

"Kukupa pole ya mumeo."

Alikalia kreti la soda pale mlangoni, sahani mapajani, akala huku analia. Mimi nami nililia, na sikumjua hata sura yule marehemu. Alipotulia akauliza kwetu watu hukaa na mfiwa siku ngapi. Nikamwambia tatu. Akageuka kuutazama ukumbi. Mwenye jengo alikuwa anakuja kuchukua funguo jioni ile ile.

Jirani yangu akataka kujua bibi amesema nini. Nikamtafsiria.

"Sasa shida iko wapi?" akasema, akiokota sufuria yake. "Mwambie hizo siku mbili zimebaki atakaa kwangu."