Bwana Presha na Chujio la Bwawa

Katika nyumba ya wageni alikofanya kazi miaka kumi na tisa, hakuna aliyemwita fundi yule kwa jina lake. Walimwita Bwana Presha, kwa sababu hata akienda chooni lazima apitie chumba cha pampu, autazame mshale wa kipimo. Mpishi hakuchoka kumtania: "Presha ya bwawa unaipima mara kumi kwa siku. Yako je?" Naye hujibu kwamba yake haina mshale.

Mwaka huo kilichomkosesha raha hakikuwa wageni. Dada yake mkubwa, aliyemlea tangu mama yao afariki, alikuwa amepigwa na kiharusi, upande wa kulia ukalala. Daktari alisema mguu ule unaweza kuamkia majini, kwa mazoezi ya kila siku. Mama mwenye nyumba alikubali dada atumie bwawa: saa kumi na mbili asubuhi, kabla wageni hawajaamka. Ila aliongeza, "Fundi, bwawa hili limenichosha. Likiharibika tena nalifukia, nipande bustani." Na mama huyo hakuwa mtu wa mzaha.

Basi kila maji yalipoingia ukungu, Bwana Presha roho ilimruka. Alisafisha kikapu cha pampu, akatoa majani na nywele za watu. Maji yaliporudi bwawani na mapovu, alijua pampu inanyonya hewa, akabadilisha ringi ya mpira ya mfuniko. Mshale ulipopanda ukakataa kushuka, alifungua tangi la chujio akaukuta mchanga unaochuja maji umeshikana mabonge kama sukari iliyoingia unyevu. Aliuchota wote kwa kopo, akatia mpya, siku mbili mgongo umepinda. Maji yakatakata. Dada naye, akishika ukingo, akatoka hatua mbili mpaka sita.

Lakini tangi lenyewe lilikuwa la zamani, na shingo yake, pale inapokaa valvu yenye mpini wa kugeuza njia ya maji, ilikuwa imechoka. Ndiyo maana ukutani aliandika kwa rangi nyekundu: ZIMA PAMPU KWANZA, NDIPO UGEUZE MPINI. Ukigeuza mpini pampu ikinguruma, maji hukosa njia yakapiga kichwa popote. Siku moja mlinzi aliugusa tu mpini ule, akafokewa mpaka akajuta kuzaliwa.

Jumanne moja Bwana Presha alikuwa akiuosha mchanga, maji yakirudi nyuma ndani ya chujio na uchafu ukitoka nje kwa bomba. Dada yake alikuwa bwawani. Mara akasikia:

"Mdogo wangu! Njoo uone! Sijashika kitu!"

Miezi minane alikuwa akiingoja sauti ile. Alitaka amalize akimbie, basi mkono ukaurudisha mpini mahali pake, na pampu bado inanguruma. Mkono wake mwenyewe. Na msinitajie methali ya haraka na baraka. Yeye ndiye aliyekuwa akiwaimbia wenzake kutwa kucha.

Shingo ya tangi ilipasuka kwa mlio mmoja mkavu. Maji na mchanga vikamvamia, viatu vikajaa. Alizima pampu, lakini kuzima sasa kulikuwa na faida gani? Akatoka nje suruali ikichuruzika. Dada yake alikuwa amesimama katikati ya maji, mkono mzima ameuinua juu, akicheka kwa nusu ya mdomo.

"Umeona?"

"Nimeona, dada," akasema, na machozi yakamtoka. Dada alidhani ni ya furaha.

Mfa maji haachi kutapatapa. Alipaka gundi, akazungushia kitambaa, akapaka tena, tabaka tatu. Ufa ukavuja vilevile. Siku ya tano bwawa likawa kijani. Mama mwenye nyumba akaja, akatazama, wala hakugomba. "Nilikwambia, fundi," akasema. Wiki iliyofuata lori likamwaga udongo, na aliyepewa koleo ausawazishe ni Bwana Presha.

Kwenye nchi kavu mguu ulikataa katakata. Dada alijaribu kusimama kando ya kitanda, akaanguka mara mbili, na baada ya hapo hakujaribu tena. Jioni moja Bwana Presha alikuwa akimkanda mguu ule kwa maji ya moto, anajikaza aseme ukweli, na kila mara anaishia kukamua kitambaa tena.

"Hivi lile chujio lilipatwa na nini?" dada akauliza.

"Lilizeeka, dada."

Dada akampapasa kichwani, kama alivyomfanyia zamani alipokuwa akirudi kutoka shule analia.

"Basi tulishukuru, mdogo wangu. Lilivumilia mpaka siku niliyosimama."