Bi Ngoja na Maji ya Kwenye Mpira

Nina kisa ambacho hamtakiamini, na siwalaumu, maana hata mke wangu, ambaye ameshaniamini mambo makubwa kuliko hili, aliguna tu akaendelea kukunja nguo. Lakini mhusika ni mpwa wangu wa damu, binti wa dada yangu, na akili zile amezitoa upande wetu. Upande wa baba yake walimpa urefu tu.

Ni muuguzi wa wodi ya wagonjwa mahututi, ile ambayo mtu analazwa na mashine inampumulia. Wenzake wanamwita Bi Ngoja. Humwambii kitu akakubali papo hapo; lazima "ngoja kwanza" itangulie. Akifika kitandani haitazami skrini. Anaanza na mtu: midomo, paji la uso, shingo, kifua kinavyopanda. Kisha anapitisha vidole kwenye mpira wa hewa, kutoka mdomoni mpaka kwenye mashine, kama fundi cherehani anayetafuta mshono uliofumuka. Skrini huisalimia mwisho. Tabia hiyo anakuja nayo hadi nyumbani. Nikijinyoosha kidogo kwenye kochi, nikiamka naambiwa, "Mjomba, umepumua mara kumi na saba kwa dakika, na tano kati ya hizo ulikuwa trekta."

Basi, kitanda cha tatu alikuwepo dereva wa lori, siku ya tisa yuko usingizini kwa dawa, mapafu yameshikwa na nimonia. Asubuhi hiyo alipangiwa kupunguziwa dawa ili aamke. Mkewe alishakaa kwenye benchi la nje, miwani ya mumewe mkobani, ameifuta mpaka inang'aa.

Daktari akapita, akatupa jicho kwenye skrini. Mashine imewekwa pumzi kumi na nne kwa dakika. Inaonyesha ishirini na nane.

"Huyu anapigana na mashine," akasema. "Mwongezeni dawa ya usingizi. Habari za kuamka tutaziangalia baada ya siku mbili."

Bi Ngoja roho ikamshuka. Siku mbili! Na kila siku ya ziada pale kitandani inamla mtu misuli. Halafu nani atakwenda kumwambia yule mama mwenye miwani?

"Ngoja kwanza, Daktari."

"Sista, nina vitanda sita vinanisubiri."

"Vitasubiri. Vina miguu ya kukimbilia?"

"Vina magurudumu."

Bi Ngoja akamtazama dereva. Mtu anayepigana na mashine hukunja uso, shingo humkaza, moyo huenda mbio. Huyu paji lake lilikuwa kama shuka iliyopigwa pasi, mapigo sabini na sita, amelala kama mwenye nyumba. Sasa pumzi hizo za ziada anaziomba nani?

Vidole vikatembea kwenye mpira. Chini ya ukingo wa kitanda mpira ulikuwa umelegea ukafanya tumbo, na tumboni humo maji yanatikisika. Hewa ya mashine hupashwa moto na kutiwa unyevu. Ikipoa njiani inageuka maji. Maji yakicheza, mashine inadhani mgonjwa anavuta pumzi, nayo inampa nyingine, na nyingine.

Hapo uso ukamwaka, kwa sababu aliyemgeuza mgonjwa asubuhi ile na kuuacha mpira ukining'inia alikuwa yeye mwenyewe. Angeweza kunyamaza. Mimi ningenyamaza.

"Ni maji, Daktari. Mpira niliuacha vibaya mimi, nilipomgeuza."

Akauinamisha, maji yakateremka kwenye kikombe chake cha kukingia maji, mbali na mgonjwa. Wote wakaikodolea skrini macho. Ishirini na nane. Ishirini na moja. Kumi na nne. Ikatulia hapo.

Daktari akakuna kidevu. "Dawa isiongezwe. Mpunguzieni kama tulivyopanga."

Saa nane mchana mke akaitwa ndani. Na hapa ndipo penyewe: dereva akafumbua macho, wodi nzima ikapiga makofi, daktari akapiga goti, na dereva, kwa sauti nzito iliyotikisa madirisha, akasema, "Yuko wapi binti aliyeniokoa, nimpe lori langu na—"

"Mjomba!" Kumbe amesimama nyuma ya kiti changu, anasoma ninayoandika, sijui tangu lini. "Mtu ana bomba kooni, amesemaje? Alimbana mkewe kidole, basi. Futa."