Kome wa Chini ya Yadi ya Betri

Mimi Eucabeth sijaiba wala sijaroga mtu, lakini nilimfukuza mkwe wangu kwa kosa langu mwenyewe. Naomba msinikatize, maana nikinyamaza sitaanza tena.

Nimezaliwa Budalang'i, na kome, wale wa magamba mawili wa mtoni, tumekula tangu utotoni. Mama alinifundisha kuwaweka kwenye beseni la maji safi siku mbili wateme tope. Wakishatema, ni safi. Nilipoolewa huku Malaba nikawapata kwenye kijito chini ya yadi ya malori, pale wanapopasua betri kuukuu. Walikuwa wakubwa, wamenona ajabu! Mtu akiuliza kama ni safi, nilimkaripia: "Beseni langu hulioni? Si maji ni meupe?" Madereva waliosubiri kuvuka mpaka, niliowauzia supu yake, waliniita Mama Supu, nami kichwa kikavimba.

Mjukuu wangu Sharlyne, miaka mitano, nilimpa supu kila siku. Mwaka jana akaanza kushika tumbo, viganja vikawa vyeupe, na mwalimu akasema amesahau hata herufi alizokuwa anazijua. Daktari alipima damu akakuta madini ya risasi, yale ya kwenye betri.

Baba yake, Robinson, ambaye nyumba yake iko jirani na yangu, anafanya kazi hapo yadini. Basi! Nilimrukia mbele ya binti yangu Vivian na majirani wote. "Unamletea mtoto sumu kwa nguo zako!" Kwetu mkwe hambishii mama wa mkewe, hata machoni hamwangalii. Robinson aliinamisha kichwa, akatia nguo zake kwenye begi, akaenda kukaa Busia kwa rafiki yake.

Nilijiona shujaa. Na kwa vile mtoto alikuwa dhaifu, nikamwongezea supu, asubuhi na jioni.

Miezi miwili baadaye wakapima tena, safari hii na mama yake pia. Damu ya Vivian ilikuwa safi, lakini ya mtoto risasi imepanda. Daktari akamgeukia Sharlyne.

"Wewe unakula nini ambacho mama yako hali?"

"Kome za kukhu," akajibu akicheka, akininyooshea kidole mimi bibi yake. "Ananipa nyingi kwa sababu mimi ni mgonjwa."

Aki ya Mungu, nilitaka sakafu inimeze. Nikaanza kutaja beseni. Daktari hakunigombeza. Alisema kome huchuja maji usiku na mchana, na risasi iliyomo hubaki kwenye nyama yao. Tope watatema, risasi hawatemi, na hata uchemshe namna gani haitoki. Nililia pale pale, na Vivian hakunishika mkono.

Jioni nilimpigia Robinson, kwa mara ya kwanza maishani.

"Mama, kuna shida?" akauliza, kwa heshima ile ile.

Nikamwambia ni mimi. Si yeye, ni mimi na kome zangu. Nikamwomba msamaha na arudi kwake.

"Mtoto huniulizia?" akauliza.

"Kila siku," nikamwambia.

Sikuweza kumwambia kwamba kila siku nilimjibu mtoto, "Maliza supu kwanza."