Ukuta Tulioukandika na Yaya

Siku ile tonton, mdogo wa baba yangu, aliniomba sentensi moja tu, nami nikakubali kuisema. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, na umri huo si kisingizio. Nilijua ni uongo, nilijua utamwumiza nani, na nilijua pia kwamba nikisema hapana hakuna mtu atakayenipiga. Ningeweza kukataa. Maishani nimekataa mambo mengi, mengine yaliyodai ushujaa mkubwa kuliko huo, lakini lile moja nililopaswa kulikataa nililikubali, nikiwa na kipande cha mkate mkononi.

Nakuandikia haya mwaka ukiwa umebakiza siku nne. Juma lililopita nilikuwa narudi Kisangani kutoka Banalia, nimekaa nyuma ya pikipiki, magoti yananiuma, na tulipopita Bengamisa nikamwomba dereva asimame. Kando ya barabara mama mmoja na binti yake walikuwa wanakandika ukuta wa jiko lao, mmoja ndani, mwingine nje. Harufu ya udongo mbichi ilinifikia kabla sijashusha mguu. Dereva alidhani nataka kwenda kujisaidia.

"Vieux, fanya mbio, mvua iko inakuja."

Nikamwambia siendi popote, natazama tu.

"Unatazama nini? Matope?"

Ndiyo, nilitazama matope, tena kwa muda mrefu, mpaka yule mama akaanza kunitilia shaka. Kila mwaka wa utoto wangu uliishia kwenye matope kama yale.

Nyumba yetu ilikuwa kwenye barabara hiyo hiyo, upande huu wa Bengamisa unaotazama mjini. Ilikuwa ya miti, fito na udongo. Mvua za Oktoba na Novemba ziliipiga hivi kwamba kufikia Desemba fito zilitokeza kama mbavu za mbwa, na ukiwa umelala ndani uliwaona kuku wakipita nje. Mama alikuwa amefariki. Aliyetulea ni mama yake papa, ambaye tulimwita koko. Watoto tulikuwa wawili, mimi na dada yangu aliyenitangulia kwa miaka miwili. Nilimwita yaya, kama tunavyomwita kwetu ndugu mkubwa, na hata leo silitamki jina lake bila kuona kama nimemkosea adabu.

Mvua zikipungua, koko alitangaza kazi. Papa alivunja kichuguu kwa jembe, kwa sababu udongo wa kichuguu hushika kuliko mwingine wote. Sisi tuliubeba kwa mabeseni, tukateka maji kijitoni, tukakatakata nyasi, tukamwaga vyote shimoni na kukanyaga. Naisikia bado sauti ya miguu yetu ikizama na kung'oka, na ya koko akituhimiza huku akiponda ndizi kinuni. "Udongo haupendi mvivu, na mwenye haraka haumpendi vilevile," alisema kila mwaka, kana kwamba ni habari mpya. Chakula kilipoiva hakuturuhusu kunawa, maana kunawa ni kupoteza muda. Tulisimama mbele yake, mikono imejaa matope hadi kwenye viwiko, naye akatutia matonge ya lituma, ndizi zile zilizopondwa, kinywani, moja kwa yaya, moja kwangu, mawese yakituchuruzika kidevuni. Nimekula karamu nyingi tangu hapo. Hakuna iliyofikia ladha ya ndizi zile.

Sasa nikueleze jinsi ukuta unavyokandikwa, kwani bila hilo hutaelewa kosa langu. Mtu mmoja hawezi. Ukibandika udongo peke yako, unapenya kati ya fito na kuanguka upande wa pili. Sharti mmoja awe ndani, mwingine nje, wabandike mahali pamoja kwa wakati mmoja, ili udongo ukutane katikati na kushikana. Papa na koko walikandika upande wa barabara. Upande wa msituni, ule ulioliwa na mvua zaidi, ulikuwa wetu. Yaya alikaa ndani, mimi nje.

Na koko alikuwa na desturi yake. Sijui kama ilikuwa ya wazee wetu au aliitunga mwenyewe, sijaikuta kwa mtu mwingine. Tundu la mwisho, lililo sawa na uso, halikuzibwa kabla ninyi wawili hamjasemezana. Kwanza unasema ulichoharibu katika mwaka unaokwisha. Kisha unasema unachotaka katika mwaka unaokuja. Mwenzako anasikia, basi. Mnaziba pamoja, na maneno yale hayatoki tena. Mtu akikuuliza mwenzako alisema nini, hujibu ndiyo wala hapana. Unajibu, "Ukuta umefungwa."

Koko alipenda kutujaribu. Siku moja alinishikia kipande cha samaki wa moshi mbele ya pua akauliza, "Yaya alikuambia amevunja chungu changu, eh?" Nikasema hapana, nikidhani namlinda dada. Koko akala samaki yule mwenyewe, polepole, akinitazama, akanyonya hata miiba. Na chungu ni yaya aliyekivunja kweli, akamsingizia mbuzi. Mimi mwaka ule nilikuwa nimemwambia yaya kwamba nilikojolea mkeka nikaugeuza upande wa pili. Tulicheka hadi udongo ukatudondoka mikononi, na papa akapiga kelele kutoka upande wa barabara kwamba nyumba haikandikwi kwa meno.

Rafiki mwingine sikuwa naye. Nilicheza na watoto wa jirani kama mtoto yeyote, lakini jambo la moyoni nilimpelekea yaya, naye ya kwake aliniletea mimi.

Mwaka ninaousema tulikuwa sote darasa la sita, kwa kuwa yaya alichelewa kuanza shule akimsaidia koko shambani. Alikuwa wa kwanza. Mimi nilikuwa wa tisa. Mwalimu akichoka alimpa yaya chaki asimamie hesabu ubaoni. Desemba ile, kupitia tundu, niliona jicho lake moja na pua yenye matope. Alisema alichoharibu: mwaka mzima amekuwa akinionea wivu, kwa kuwa mimi nilikwenda nilikotaka bila kuomba ruhusa. Kisha akasema, "Nataka kuendelea na masomo mjini. Nataka kuwa mwalimu. Usicheke."

Sikucheka. Nikasema nimeiba karanga za jirani, na mwaka mpya nataka viatu vya ngozi.

"Viatu?"

"Vyenye kamba."

"Kichwa chako kiko miguuni," akasema, na tukaziba.

Kesho yake, siku ya mwisho ya mwaka, tonton alifika kwa lori. Alikuwa mdogo wake papa, fundi wa kushona, mwenye nyumba katika komini ya Tshopo, mjini Kisangani. Alituletea mkate wa mjini umefungwa kwa taulo. Alikuwa amekubali kumpokea nyumbani kwake mmoja wetu kuanzia Septemba, asome sekondari. Mmoja tu, maana chumba kilikuwa kimoja na watoto wake ni watano. Papa alikuwa ameshasema waziwazi kwamba atakayekwenda ni mwenye alama nzuri. Mchana tonton akaniita nyuma ya jiko, akanikatia mkate.

"Weye unapenda kusoma ao hapana?"

"Napenda, tonton."

"Bon. Papa yako anataka kunipa dada yako. Mutoto mwanamuke kule mjini? Anasomaka myaka mbili, ya tatu anarudi na tumbo, na batu banauliza mimi. Alors, kesho kwa chakula utasema yaya alikuambia kwa ukuta hataki kwenda. Anataka kubakia na koko. Anaona haya kumwambia papa, amekutuma weye."

"Lakini mambo ya ukuta hayasemwagi, tonton."

"Njo maana watakuamini."

Hakunitisha. Aliongeza tu kwamba mjini wanafunzi wa sekondari huvaa viatu. Nikasema ndiyo.

Siku ya mwaka mpya koko alipika wali, kuku na pondu ya majani ya muhogo, na makayabu, samaki wa chumvi, iliyolowekwa tangu juzi yake. Papa alipoanza kuzungumza habari za Septemba, nikasema sentensi yangu kama nilivyofundishwa, bila kukosea neno. Papa alirudisha tonge kwenye sahani.

"Ni kweli, mama?" akamwuliza yaya. Alipokuwa na furaha naye alimwita mama.

Yaya alinitazama. Hasira sikuiona. Alinitazama kama mtu anayejaribu kusoma ubao kutoka mbali. Angeweza kusema ni uongo, lakini tulifundishwa kutojibu ndiyo wala hapana, na yeye masomo yote aliyafuata hadi mwisho.

"Ukuta umefungwa," akasema.

Papa alidhani ni haya ya msichana. Tonton akapiga kofi pajani, "Voilà, jambo limekwisha!" Koko peke yake aliacha kutafuna. Desemba iliyofuata, nilipokuja likizo na viatu vyangu, alinipanga kukandika na papa, na hivyo hivyo kila mwaka hadi alipofariki. Papa hakuwa mtu wa kusema tunduni. Alikohoa tu, tukaziba.

Nilisoma miaka sita, nikapata diploma, nikafundisha watoto wa shule ya msingi huko Mangobo miaka thelathini na minane. Nilikuwa mwalimu mzuri, nadhani. Yaya aliolewa na mvuvi wa Banalia akiwa na miaka kumi na saba. Kila nilipokwenda kumtembelea alinipikia samaki mkubwa kuliko wote, akaniita Mwalimu, akauliza habari za watoto wangu mmoja mmoja. Mtu akitutazama angesema hawa ni ndugu wanaopendana.

Mwaka huu nimezika wenzangu wawili tuliofundisha pamoja. Kwenye kila msiba nilisikia mema mengi, mengine marehemu hakuyafanya, na wote tukaitikia. Nikaona kwamba siku yangu watasimama kumsifu mwalimu, na dada yangu atakuwa amekaa pale kwenye mkeka, anasikiliza. Sikuweza kulivumilia wazo hilo. Ndiyo sababu nilipanda pikipiki kwenda Banalia.

Nilikaa siku mbili bila kusema. Siku ya tatu nilimkuta uani karibu na mto, anageuza samaki juu ya moshi, nikamweleza yote, tonton, mkate, viatu. Aliendelea kugeuza samaki.

"Njo ile ulikuwa unameza siku tatu? Mimi nilifikiri ni mwiba." Akacheka kidogo. "Nilijua pale pale uliposema, Mwalimu. Jana yake ulitoka nyuma ya jiko na tonton, mkate kwa kidevu yako."

"Mbona hukulalamika hata baadaye, tukiwa wawili?"

"Kwa nani? Mutu niliyekuwa naambia mambo yangu ni weye."

Nikamwambia siku ya mwaka mpya, wakati watoto na wajukuu wetu wote watakapokusanyika kwangu, nitasimama na kulisema mbele yao.

"Utajipatisha haya bure. Tuko wazee."

"Nitasema."

"Bon, sema. Lakini usisahau kusema ulikuwa wa tisa."

Nitasema na hilo. Nimeshaliandika kwenye karatasi nisije nikalizungusha kama walimu tunavyojua kuzungusha. Wajukuu zangu wanadhani elimu ya ukoo huu ilianza na mimi. Wajue ilianza na nani, na nani aliizuia. Tena, kila mwezi barabara ikipitika, nitakwenda Banalia nikae uani pale, na safari hii nisifundishe mtu, nisikilize. Pengine hataniambia kitu. Nitakwenda vilevile. Nyumba yetu ya zamani haipo, mahali pake pana nyumba ya matofali ya kuchoma yenye bati, ya watu nisiowajua, na wamefanya vizuri, kuta zao haziliwi na mvua. Koko hayupo, papa hayupo, tonton naye aliondoka zamani na sikumlaumu alipokuwa hai, kwa hiyo sitamlaumu sasa. Yeye aliomba tu. Aliyekubali ni mimi.

Uamuzi ule ulinigharimu dada yangu. Hakufa, hakunichukia, hakunifungia mlango. Aliacha tu kuniambia mambo yake. Aliolewa, na sijui kama alimtaka mume yule. Alizika watoto wawili, na habari nilizipata kwa mpita njia. Naye ya kwangu hakuyauliza tena, zaidi ya afya na watoto, na mtu mwingine wa kumwambia sikumpata. Tangu siku ile, miaka hamsini na saba, nimekuwa na dada, na simjui.