Kuufuata Mfongo Hadi Juu

Ofisini Dar wananicheka kwa kupanda treni kwenda Moshi. Wanasema basi la alfajiri lingekuwa limeshanifikisha, nimekula na kulala. Wacha wacheke. Treni inanipa usiku mzima wa kutofanya lolote, na nikishuka asubuhi stesheni ya Moshi miguu inakuwa na hamu. Nachukua gari la kuelekea Himo, nashuka njiani, na kutoka hapo napanda kwa miguu hadi kwa mama, Kirua Vunjo. Watu wanatoka ng'ambo kuja kufika kileleni. Mimi naishia kwenye migomba, na kwa miaka mingi hiyo ilikuwa starehe yangu kubwa.

Safari ya mwisho sikuifurahia. Nilikuwa nimekwenda kumchukua mama.

Mfongo wetu, ule mfereji uliochimbwa na mababu kuleta maji kutoka mtoni karibu na msitu, ulikuwa umekauka. Zamani kila nyumba ilikuwa na zamu yake, na siku ya zamu yetu mama alizunguka kihambani, shambani mwetu penye migomba, na jembe lake kama mwenye sherehe. Sasa migomba ilizaa mikungu ya kutia aibu, na ng'ombe alinyweshwa maji ya kuchota mbali, mama akiyabeba kichwani kwa umri wake ule. Kila nilipomwambia twende Dar alinijibu lilelile: hawezi kumwacha baba peke yake. Baba amezikwa humo humo kihambani. Safari hii tukapatana. Maji yakirudi, anabaki na mimi nafunga mdomo. Yasiporudi, anafungasha.

"Yatarudi," mama akasema. "Yule mwanamke wa juu akiacha wizi."

Mwanamke wa juu ni jirani yetu. Mfongo unapita kwake kabla ya kufika kwetu, na mama alikuwa na hakika kwamba anayaziba maji watu wakilala. Walikuwa hawasalimiani. Hata kanisani, wakati wa kupeana amani, mama aligeukia upande wa pili akampa mkono mtu mwingine.

Basi asubuhi iliyofuata tukaufuata mfongo kwenda juu, mama mbele, kanga kiunoni, akiyafanyia mazoezi maneno makali ya Kichagga aliyopanga kummwagia. Mimi nilikuwa nyuma, nakanyaga majani makavu ndani ya mfereji niliokuwa nikichezea maji yake utotoni. Nitasema ukweli: na mimi nilitamani tumkute mwizi.

Tulimkuta jirani akimkatia ng'ombe wake mgomba. Nikamwamkia, "Shikamoo, mama." Mama yangu akanitazama kana kwamba nimegawa chakula chetu kwa adui.

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kutuona?"

"Amekuja kuona maji yetu yanaishia wapi," mama akadakia.

Jirani akaweka panga chini. Hakukasirika, na hilo ndilo lililonitisha. "Mimi nilishakwenda kugombana na wa juu yangu," akasema. "Naye anamshuku wa juu yake. Tazameni migomba yangu." Tukatazama. Ilikuwa na hali mbaya kuliko yetu. "Twendeni banioni tukamalize ubishi," akasema, yaani pale mfongo unapochepuka kutoka mtoni.

Tukapanda watatu. Njia ilikuwa nzuri, mlima uko wazi bila wingu, na nikaudhika kwa uzuri wake. Wale wazee wawili hawakusemezana, ila penye korongo jirani alinyoosha mkono, na mama, baada ya kuutazama kidogo, akaushika.

Banio lilikuwa zima. Mawe yamepangwa vizuri, magome ya mgomba yameziba nyufa, mdomo wa mfereji uko wazi kabisa. Mto wenyewe ndio haukuwapo. Kulikuwa na michirizi ya maji iliyojificha chini ya mawe, chini kabisa, haikaribii hata mdomo wa mfereji. Mama akapiga magoti, akaanza kupapasa jiwe moja moja, akitafuta alama ya mkono wa mtu. Nilimwacha atafute.

"Hakuna aliyefunga, mwenzangu," jirani akasema taratibu.

Mtu mwenye adui ana matumaini. Sikulijua hilo mpaka siku ile. Adui unaweza kumlaani, au kumpelekea pombe ya mbege mkae mpatane, naye akafungua maji. Pale hapakuwa na wa kulaaniwa wala wa kubembelezwa. Nilikuwa nimeshinda katika mapatano yetu na nikashikwa na uchungu ambao sikuwa nimejiandaa nao. Nilitamani yule mama wa watu angekuwa mwizi.

Mama akainuka, akapangusa magoti, akafunga kanga yake upya.

"Huko kwenu," akaniuliza, "nitalala chumba gani?"

Nikamwambia atalala na binti zangu, chumba cha uani. Kina joto, nikasema, lakini tumeweka feni. Nikangoja. Nilingoja aseme feni itamuumiza kifua, aseme watoto wa mjini hawana adabu, aseme neno lolote. Mama yangu hajawahi kula chakula nilichopika bila kulalamikia chumvi.

"Sawa," akasema, akaanza kushuka.